Masweta ya Mbwa Wasiokuwepo

Si zamani sana, wala si mbali sana, palikuwa na nchi iitwayo Jamhuri ya Shwari. Anayedhani anaifahamu amekosea. Nchi hiyo haipo kwenye ramani yoyote, na sisi tunaoisimulia tuna familia zinazotutegemea.

Shwari ilikaa juu milimani, mahali ambapo mwezi wa Julai maji ya ndoo huamka yamefanya ngozi ya barafu. Lakini baridi haikuwapo. Ilikomeshwa mwaka ule Mtukufu Mkuu wa Nchi alipowahutubia wageni uwanjani, mwezi wa Januari, saa saba mchana, jasho likimchuruzika, akasema kwamba Shwari haina baridi. Kesho yake Wizara ya Ustawi wa Hali ya Hewa ikatoa waraka kwamba kauli ya Mtukufu ni agizo, na kwamba baridi imetokomezwa katika mikoa yote, isipokuwa wilaya mbili zilizoomba kuongezewa wiki moja kukamilisha zoezi.

Utekelezaji ulikuwa wa kupigiwa mfano. Vipimajoto vyote vilikusanywa, vikarudishwa vikiwa vimetengenezwa, na tangu hapo hakuna hata kimoja kilichoshuka chini ya ishirini na mbili. Kila asubuhi redio ilitangaza kwamba hali ya hewa ni nzuri na itaendelea kuwa nzuri kwa jitihada za Serikali. Kutetemeka hadharani likawa kosa. Aliyekamatwa anatetemeka alipelekwa kituoni kuandika maelezo, na maelezo yenyewe hayakuwahi kusomeka kwa sababu ya mwandiko.

Masweta hayakupigwa marufuku, maana Shwari ni nchi huru. Mtu aliruhusiwa kuvaa sweta ilimradi awe na kibali kinachoeleza sababu ya kulivaa, na sababu hiyo isiwe baridi. Uzi wa sufu nao uliuzwa bila kificho, kwa sababu hakuna nyumba ya heshima Shwari isiyokuwa na vitambaa vya kufuma: vya makochi, vya meza, vya redio, hata vya kufunika runinga isiyowaka. Hapo ndipo akina mama wa Shwari walipotumia akili zao. Mwaka hadi mwaka vitambaa vya makochi vikanenepa. Kufikia mwaka wa sita kitambaa kimoja kilihitaji watu wawili kukianika, na ukikaa kwenye kochi ukakivuta kidogo kilifika magotini, ukikivuta tena kilifika shingoni. Wakaguzi waliandika kwamba wananchi wanapenda sana kukaa nyumbani.

Miongoni mwa akina mama hao alikuwamo Bi Tumsifu, mkunga mstaafu, mfupi, mwenye hasira za karibu. Alikuwa amewapokea duniani nusu ya watu wa mji mkuu, na kwa jinsi mambo yalivyokuwa yakienda alikuwa akisema wapo ambao angewarudisha. Yeye vitambaa vyake havikuwa vya makochi. Alikuwa akiwafumia masweta mbwa.

*

Mbwa wenyewe walikaa kwenye Kituo cha Wanyama Waliotelekezwa, nyuma ya kiwanda cha ngozi kilichokufa. Walikuwa arobaini na mmoja, pamoja na paka wasiokubali kuhesabiwa na punda mmoja jike aliyeitwa Mshenga. Ingawa kwa kweli hawakuwapo. Mtukufu alikuwa ametamka katika hotuba nyingine kwamba Shwari kila kiumbe kina makao, hivyo kibao cha Kituo kikang'olewa, na Mzee Kilewo, mlezi wao, akaendelea kufanya kazi mahali pasipokuwepo. Mshahara wake nao ukaacha kuwepo.

Julai iliyotangulia, mbwa mmoja aliyetoka kuzaa alikutwa asubuhi amekauka pamoja na watoto wake watano. Mzee Kilewo akaandika ripoti. Wizara ikajibu kwamba marehemu walikufa kwa joto la kupita kiasi, ikaagiza madirisha ya banda yaondolewe. Madirisha yakaondolewa. Habari hiyo ikamfikia Bi Tumsifu. Alikwenda dukani akanunua uzi wote mwekundu uliokuwapo.

Sweta la kwanza lilikuwa la Kipara. Huyu alikuwa mbwa mzee ambaye ugonjwa wa ngozi ulimmaliza manyoya yote, mpaka ungedhani amevuliwa. Alikuwa akikohoa. Daktari wa mifugo alimchungulia, akaangalia huku na huku, akamnong'oneza Bi Tumsifu: "Mama, huyu asipovishwa hafiki Agosti."

Bi Tumsifu alimpenda mbwa yule. Wiki aliyomzika mumewe, watu walijaa nyumbani kwake wakimwambia ajikaze, na yeye akatoroka mlango wa nyuma akatembea hadi akajikuta Kituoni, akaketi juu ya jiwe. Kipara alikuja akamkalia mguu. Hakufanya zaidi ya hapo. Lakini mwezi mzima ule hakuna mtu mwingine aliyejua la kumfanyia, na Bi Tumsifu hakusahau.

Basi akafuma. Mkaguzi wa Vitambaa alipita nyumba kwa nyumba, akafika na kwake, akaokota sweta lililokuwa mezani.

"Shikamoo mama. Hiki ni nini?"

"Marahaba. Kitambaa cha kochi."

"Mbona kina matundu manne?"

"Kochi lina miguu mingapi, mwanangu?"

Mkaguzi akahesabu kimoyomoyo, akaridhika. Kisha akakigeuza. "Na hili la tano, huku nyuma?"

"Kochi la kizamani hilo."

Akagonga muhuri, akaenda zake. Ndivyo mbwa wote arobaini na mmoja walivyovishwa kwa idhini ya Serikali.

*

Haikuchukua muda, taarifa ikafika Wizarani kwamba nyuma ya kiwanda cha ngozi makochi yameonekana yakibweka. Waziri akaamua kwenda mwenyewe, pamoja na waandishi wa habari, kuthibitisha kwamba Kituo ni kitupu.

Waziri huyo alikuwa Mheshimiwa Dakta Ngolola, mtu wa kitambi na sauti ya jukwaani. Ndiye aliyeikomesha baridi kwa mkono wake, na tangu siku hiyo hakuwa amevaa chochote kizito kuliko shati jeupe, kwa kuwa nchi nzima ilikuwa ikimtazama. Gari lake lilikuwa na kiyoyozi, nacho kwa mujibu wa waraka kilipaswa kupoza.

Sasa, Shwari kuna desturi ambayo hakuna serikali iliyothubutu kuigusa. Mgeni rasmi lazima avishwe. Kabla hajafungua mdomo, mwenyeji amvishe kitu kwa mkono wake: shuka, kofia, skafu, chochote kile, mradi kiwe kipya. Waziri asiyevishwa hajafika. Vivyo hivyo mtu anayetuzwa: hashuki jukwaani mpaka amevishwa na mkubwa aliyepo. Kuna mkuu wa mkoa mmoja aliyewahi kusimama jukwaani saa nne nzima akisubiri joho lililosahaulika nyumbani kwa mshonaji.

Msafara ulipoingia bila taarifa, saa mbili asubuhi, ukungu umetanda, Mzee Kilewo akamkimbilia Bi Tumsifu bandani. "Dada, tumekwisha. Tunamvisha nini?"

Palikuwa na kitu kimoja tu kipya chenye ukubwa wa Waziri. Kilikuwa sweta la yule punda, Mshenga, la manjano na kijani, limekamilika jana yake. Bi Tumsifu alilitazama, akamtazama Waziri anayeshuka garini, akapima kwa jicho kiuno cha huyu na mbavu za yule. Kisha akaenda akamvika.

Lilimkaa. Mikono ya mbele ilipokea mikono ya Waziri, na mikono ya nyuma ikaning'inia kiunoni, huku na huku. Waandishi wakashusha kamera. Lakini uso wa Mheshimiwa ulikuwa umeanza kubadilika. Alifumba macho. Mabega, yaliyokuwa yamepanda hadi masikioni tangu mwaka ule wa waraka, yakashuka taratibu. Miaka sita mtu yule hakuwa amepata joto, na sasa lilikuwa likimwingia kutoka pande zote.

"Mheshimiwa," mwandishi mmoja akajikaza kuuliza, "hii mikono miwili ya ziada ni ya nini?"

Waziri akafumbua macho. "Ndugu mwandishi! Mtumishi wa umma wa Shwari hawezi kuwahudumia wananchi kwa mikono miwili tu kama mtu wa kawaida. Hilo ndilo somo tunalolipata hapa."

Kisha akageuka, akawatazama mbwa arobaini na mmoja waliokuwa wakimtazama wakiwa na masweta yao, akatangaza kwamba amejiridhisha Kituo ni kitupu, na kwamba amefurahishwa na nidhamu ya makochi. Akaondoka bila kulivua.

*

Wiki hiyo hiyo ukatoka waraka: sweta la mikono minne ndilo vazi rasmi la watumishi wa umma, kwa sababu za uzalendo na si nyinginezo. Wakuu wa idara wakalipigania. Uzi wote nchini ukachukuliwa na Serikali, na akina mama wakapangwa kwa zamu kufuma. Uzi ulipopungua, wakakumbuka makochi ya nyuma ya kiwanda. Askari wakaja na magunia, wakawavua mbwa mmoja mmoja, wakaandika kwamba huo ni mchango wa hiari. Sweta jekundu la Kipara halikumtosha mtumishi yeyote, kwa hiyo likaenda kuvishwa chupa ya chai ya Naibu Waziri.

Mbwa wengine walikuwa na manyoya yao. Walibanana kwenye kona wakapitisha siku. Kipara hakuwa na kitu. Bi Tumsifu alimfunga kanga mbili, akamlaza kwenye makaratasi, na bado kikohozi kilimtikisa mpaka miguu. Ilikuwa tarehe sita Julai.

"Nitakwenda Wizarani," alimwambia Mzee Kilewo.

"Ukawaambie nini, dada? Mbwa hawapo na baridi haipo."

"Sijui. Lakini sitakaa hapa nikimsikiliza akifa."

Wizarani alipelekwa dirisha hili na dirisha lile, mwishowe akafika kwa karani wa ajira, Bwana Mbwilo, kijana mchovu aliyekuwa ameificha mikono yake yote minne chini ya meza.

"Shikamoo mama. Unanikumbuka?"

"Nitaachaje kukukumbuka? Ulizaliwa kwa kutanguliza matako. Sikushangaa niliposikia umeajiriwa hapa."

Bwana Mbwilo akacheka kidogo, akatazama mlango, akaacha kucheka. Alipomsikiliza akatikisa kichwa. Sweta ni la mtumishi wa umma peke yake, akasema, na hakuna njia nyingine.

"Basi mwajirini."

Alitegemea kufukuzwa. Bwana Mbwilo akavuta fomu.

"Jina la mhusika?"

"Kipara."

"Elimu?"

"Hana."

"Hilo halina shida. Uzoefu?"

"Analala mlangoni."

Akaandika: Ofisa Ulinzi Mwandamizi. "Yupo?"

Bi Tumsifu akasita. "Kwa waraka wenu, hayupo."

"Si ungeanza na hilo, mama!" Bwana Mbwilo akapumua kwa faraja. "Ghorofa hii ina maofisa mia mbili na kumi. Wasiokuwepo ni mia moja tisini na tano. Angekuwapo ndiyo ningepata taabu, maana viti hakuna." Akagonga muhuri. "Ila foleni ya masweta ni ndefu. Lake litatoka Oktoba."

"Oktoba atakuwa udongo."

Karani akachezea kalamu. Halafu akainama, akasema kwa sauti ya chini kwamba tarehe ishirini na nane ni Siku ya Watumishi, na Mtumishi Hodari huvishwa hapo hapo uwanjani, kwa mkono wa Waziri, bila foleni. Na huyo Mtumishi Hodari huchaguliwa kwa mahudhurio: asiyekosa hata siku moja tangu aajiriwe.

"Daftari liko pale mlangoni," akasema. "Tangu Januari lina majina mawili. Moja ni langu. La pili ni la mzee wa masjala, naye tulimzika Mei."

*

Kuanzia kesho yake, kila asubuhi saa moja na nusu, Bi Tumsifu alipanda ngazi za Wizara na Kipara. Mlinzi akatoa pedi ya wino, kwa kuwa asiyejua kuandika hutia dole gumba. Aliuliza gumba ni lipi kati ya yale. Bi Tumsifu akamwambia achague. Kisha Ofisa Ulinzi Mwandamizi alilala mlangoni mpaka saa za kazi zinakwisha, jambo ambalo hakuna ofisa mwingine aliyewahi kulifanya mlangoni.

Wiki ya kwanza alipanda ngazi mwenyewe. Wiki ya pili akawa anapumzika kila baada ya vidato vitatu. Wiki ya tatu hakuweza tena, Bi Tumsifu akawa anambeba ndani ya kikapu cha sokoni, na ngazi zile zilikuwa hamsini na nne na magoti yake yalikuwa ya mwanamke wa miaka sitini na minane. Njiani alimsemesha. Alimtukana pia, alimwita mzembe, akamwambia asithubutu kumfanyia alilomfanyia mume wake, kuondoka kabla hajawa tayari. Usiku hakulala vizuri, akisikiliza kikohozi hata pale kilipokuwa hakipo.

Bwana Mbwilo naye aliugua ghafla siku mbili, ugonjwa aliojipangia mwenyewe, ili daftari libaki na jina moja juu.

*

Siku ya Watumishi uwanja ulifurika. Wananchi walikuwa na mashati yao mepesi ya sikukuu, taya wamezikaza, mikono wameibana kwapani kwa namna inayoonekana kama heshima. Upepo ulikuwa ukishuka moja kwa moja kutoka kileleni. Jukwaani, watumishi wakubwa walikaa safu kwa safu, mikono minne kila mmoja. Mtukufu alikaa katikati, ndani ya blanketi lililoitwa bendera.

Dakta Ngolola akasimama kusoma wasifu wa Mtumishi Hodari, ulioandikwa na Bwana Mbwilo. Alikuwa hajausoma kabla; hakuwahi kusoma kitu kabla.

"Mtumishi huyu," akanguruma, "hajachelewa kazini hata siku moja! Hajaomba safari ya nje! Hajapokea bahasha! Na katika utumishi wake wote, hajawahi kumjibu mwananchi vibaya!"

Minong'ono ikaenea. Wakurugenzi wakatazamana kwa chuki, kila mmoja akidhani anasemwa. "Ndugu Kipara, njoo mbele!"

Bi Tumsifu akapanda jukwaani, akaweka kikapu miguuni pa Waziri, akafunua kanga. Kipara akainua kichwa. Alikuwa wa rangi ya majivu, na mbavu zake ungeweza kuzihesabu kutoka safu ya mwisho.

Waziri akainamia kikapu, akainuka haraka. Kusema huyu ni mbwa ilikuwa ni kusema mbwa yupo, na kwamba ameajiriwa Wizarani kwake, na kwamba ndiye bora kuliko wote. Akageuka kumtazama Mtukufu, ambaye macho yake yalikuwa hayaoni mbali na hakuna aliyewahi kuthubutu kumwambia.

"Mzee wa watu amekonda," Mtukufu akasema kwa huruma, akipiga makofi. "Kazi imemla. Mvisheni!"

Sanduku la zawadi likaletwa, likafunguliwa. Ndani yake mlikuwa na karatasi iliyosema: Sweta limepokelewa. Chini palikuwa na saini sita.

Bendi ikapiga wimbo wake, ikamaliza, ikaanza upya. Hakuna aliyeweza kushuka. Bi Tumsifu alikuwa amepiga magoti kando ya kikapu, mkono juu ya mgongo wa Kipara, na chini ya kiganja chake pumzi zilikuwa zikija mojamoja.

"Mheshimiwa," akasema taratibu, "mvishe."

"Mama, unanifanyia nini wewe?" Waziri akanong'ona. "Mbele ya watu wote hawa!"

"Anakufa kwa baridi, baba."

"Hakuna baridi."

"Basi vua."

Waziri akamtazama. Akatazama mlima, akatazama uwanja, akamtazama Mtukufu anayetabasamu akisubiri. Halafu, polepole, kama mtu anayebandua ngozi yake mwenyewe, akalivua sweta, akainama, akamvisha mbwa. Lilimmeza Kipara mzima, kikabaki kichwa. Bi Tumsifu akalikunja mara mbili kumzunguka, akambana kifuani.

Dakta Ngolola akabaki na shati lake jeupe. Alijitahidi, na hilo lazima lisemwe. Alisimama wima, akatoa kifua, akakaza meno. Yalianza magoti. Yakafuata mashavu, kisha kitambi chote kikaanza kwenda peke yake.

"Ngolola," Mtukufu akauliza, "unatetemeka?"

"Ni fu-fu-furaha, Mtukufu."

"Furaha?"

"Ya u-u-utumishi."

Mtukufu akatikisa kichwa, ameguswa. Akawageukia wananchi. "Na nyinyi? Mbona mmekauka hivyo? Nyinyi hamna furaha?"

Mzee mmoja safu za nyuma akaachia taya zake. Meno yakagongana, yakasikika. Mwanamke wa pembeni yake akaachia mabega. Ikaenda safu hadi safu, watoto kwa wakubwa, askari, wapiga tarumbeta, miaka sita ya kujikaza ikifunguka kwa mara moja, mpaka mabenchi yakawa yanagonga sakafu na wengine wakawa wanalia huku wanatetemeka, wakishikana mikono bila kuogopa mtu. Mtukufu akafuta machozi. Akasema tangu azaliwe hajaona watu wenye furaha kiasi kile, akaagiza iwe hivyo kila mwaka.

Bi Tumsifu hakungoja hotuba. Alishuka jukwaani na kikapu chake, akitetemeka waziwazi kama wenzake, akapita katikati ya watu waliompisha. Alipofika langoni alisimama kusikiliza. Kipara alikuwa ameacha kukohoa, alikuwa amelala, mbavu zikipanda na kushuka taratibu. Bi Tumsifu akapenyeza mkono ndani ya sweta kumpapasa. Lilikuwa bado na joto la Waziri.